Lev Vygotsky na Mchezo wa Kujifanya: Maisha Yake na Swali la Akili ya Mtoto

1.0 Utangulizi

Mtoto mdogo akipanda kijiti na kukimbia nacho uani kana kwamba ni farasi, hajakosea wala hadanganyi. Anajua vyema kwamba alichonacho ni kijiti, na akichoka hukitupa bila ya masikitiko. Hata hivyo, kwa muda wa mchezo hukitendea kijiti hicho yale anayotendewa farasi, na mwenziwe anayemtazama huelewa na kuitikia. Jambo hili la kila siku, ambalo wazee hulipita bila ya kulitupia jicho, limezua katika elimu ya saikolojia swali gumu: je, mtoto anayejifanya anajua kwamba kujifanya ni kazi ya akili? Na je, akiujua mchezo wa mwenziwe, ndiyo kusema ameijua akili ya mwenziwe?

Miongoni mwa wataalamu waliolishughulikia swali hili mapema ni Lev Semyonovich Vygotsky, aliyezaliwa mwaka 1896 na kufariki mwaka 1934. Jina lake hutajwa mno katika vyuo vya ualimu, aghalabu kwa dhana moja tu, ile ya eneo la ukuaji wa karibu. Ni nadra kukumbukwa kwamba dhana hiyo aliihusisha pia na mchezo wa watoto, na kwamba fikra zake kuhusu mchezo zilikomaa katika miezi ya mwisho ya maisha yaliyokuwa yakikatwa na maradhi. Makala haya yanaeleza maisha ya mtaalamu huyo kwa kufuata uzi mmoja, yaani namna alivyotoka katika tamthilia na fasihi akafikia mchezo wa mtoto, na namna mchezo huo ulivyomfikisha kwenye suala la akili za watu wengine. Inadaiwa hapa kwamba mchango wake mkuu ni kutenganisha mambo mawili yanayochanganywa mara kwa mara: kutenda jambo kwa akili, na kutambua kwamba akili ndiyo inayotenda.

2.0 Malezi na Elimu: 1896–1917

Vygotsky alizaliwa tarehe 17 Novemba 1896, kwa kalenda ya sasa, katika mji wa Orsha, ambao leo umo nchini Belarus na wakati huo ulikuwa sehemu ya dola ya Urusi. Alikuwa mtoto wa pili katika familia ya Kiyahudi yenye watoto wanane. Alipokuwa bado mchanga, familia ilihamia Gomel, mji ambao ndiko alikokulia. Baba yake alikuwa mtumishi wa benki mwenye cheo. Mama yake alisomea ualimu na alijua lugha kadhaa za kigeni, ingawa kazi ya kulea ndiyo iliyomchukua muda mwingi. Jina la ukoo liliandikwa Vygodsky. Yeye mwenyewe, akiwa mtu mzima, ndiye aliyebadili herufi moja likawa Vygotsky.

Elimu yake ya awali aliipata nyumbani kwa mwalimu wa binafsi, Solomon Ashpiz, aliyefundisha kwa njia ya maswali na majibizano. Baadaye aliingia shule ya sekondari ya binafsi ya Wayahudi, akamaliza mwaka 1913 na kutunukiwa nishani ya dhahabu. Kwa mwanafunzi mwingine, nishani hiyo ingetosha kumfungulia mlango wa chuo kikuu. Kwa Myahudi haikutosha. Serikali ya Tsar iliweka ukomo wa asilimia 3 kwa Wayahudi katika Chuo Kikuu cha Moscow, na mwaka huohuo ilitolewa amri kwamba watakaoingia katika mgawo huo wachaguliwe kwa kura badala ya ubora wa alama. Kura ilimwangukia. Hivyo basi, taaluma iliyokuja kudai kwamba akili ya mtu hujengwa na jamii ilianzishwa na kijana ambaye njia yake ya kielimu iliamuliwa na bahati nasibu ya kijamii.

Alianza na udaktari wa tiba, lakini baada ya muda mfupi akahamia sheria, fani ambayo ingemruhusu Myahudi kufanya kazi nje ya maeneo waliyotengewa Wayahudi. Sambamba na masomo hayo, alisoma historia na falsafa katika Chuo cha Umma cha Shanyavsky, taasisi ya Moscow isiyokuwa ya serikali, iliyowapokea walimu na wanafunzi waliofukuzwa kwingineko kwa sababu za kisiasa. Huko ndiko alikoandika tasnifu yake juu ya Hamlet ya Shakespeare, kazi aliyoikamilisha mwaka 1916 akiwa bado hajatimiza miaka ishirini.

Si jambo la kupuuzwa kwamba mtaalamu wa mchezo wa watoto alianzia kwenye tamthilia hiyo. Hamlet ni habari ya mwana wa mfalme anayejifanya mwendawazimu ili wengine wasimsome moyo, na anayewaleta waigizaji mahakamani ili kwa mchezo wao ausome moyo wa ami yake. Kujifanya na kuijua akili ya mwingine ndiyo mishipa ya tamthilia yenyewe. Si lazima kudai kwamba Vygotsky aliona tangu wakati huo uhusiano wa Hamlet na mtoto wa kijiti. Yatosha kusema kwamba alipokuja kuyachunguza michezo ya watoto hakuwa mgeni wa maana ya kuigiza. Hapa Kiswahili kina jambo la kufanana na Kirusi. Neno mchezo kwetu hubeba mchezo wa watoto, mchezo wa dama na mchezo wa jukwaani. Neno la Kirusi igra nalo hutumika kwa kucheza kwa mtoto, kwa mchezo wenye kanuni na kwa uigizaji. Mwenye kufikiri katika lugha za namna hii haoni ajabu kuvijadili vyote kama jamii moja.

3.0 Gomel: Ualimu na Maradhi, 1917–1923

Alihitimu mwaka 1917, mwaka wa mapinduzi, ambao pia uliondoa sheria zilizowabagua Wayahudi. Alirejea Gomel, mji ambao mwaka 1918 ulikuwa chini ya majeshi ya Kijerumani na uliopitiwa na njaa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Nyumbani kwao mlikuwa na msiba juu ya msiba. Ndugu yake mmoja alikufa kwa kifua kikuu, na mwingine kwa homa ya matumbo. Lev mwenyewe aliambukizwa kifua kikuu katika miaka hiyo. Tangu hapo aliishi akijua kwamba muda wake si mrefu. Na tiba ya uhakika ya maradhi hayo haikupatikana mpaka zaidi ya mwongo mmoja baada ya kifo chake.

Katika Gomel alifundisha fasihi na saikolojia, akaandika tahakiki za maonyesho ya tamthilia katika magazeti ya mji, na akaanzisha maabara ndogo ya saikolojia katika chuo cha ualimu. Miaka hii hupitiwa haraka na waandishi wengi wa maisha yake, kwa kuwa haikuzaa kitabu mashuhuri. Hata hivyo, ndiyo iliyomkutanisha na darasa. Mtu aliyesoma sheria na falsafa alijikuta akiwaandaa walimu waliohitaji kujua mtoto anafikiri vipi, na vitabu vya wakati huo havikuwa na jibu lililomridhisha.

4.0 Moscow: 1924–1930

Mwezi Januari 1924 alihutubia mkutano mkuu wa wataalamu wa saikolojia na neva uliofanyika katika mji ambao mwezi huohuo ulibadilishwa jina na kuitwa Leningrad. Vijana wa Moscow waliokuwamo walivutiwa na hoja yake kwamba saikolojia haiwezi kuiacha kando fahamu ya mtu na kushughulikia mwitiko wa mwili peke yake. Baadaye mwaka huo aliitwa kwenye Taasisi ya Saikolojia ya Moscow, akahamia huko pamoja na mkewe, Roza Smekhova, waliyeoana mwaka huo. Makazi yao ya mwanzo yalikuwa chumba cha chini ya ardhi katika jengo la taasisi. Walijaliwa mabinti wawili. Wenzake wa karibu katika kazi walikuwa Alexander Luria na Alexei Leontiev, wote wawili wadogo kwake kwa umri.

Kazi yake kubwa ya mwanzo ilikuwa elimu ya watoto viziwi, vipofu na wenye ulemavu wa akili. Kwa ajili hiyo alisafiri mwaka 1925 kwenda London kwenye mkutano wa elimu ya viziwi, na hiyo ndiyo safari pekee aliyoifanya nje ya nchi yake. Mwaka huo pia alikamilisha tasnifu juu ya saikolojia ya sanaa, lakini maradhi yalimzidi hata akasamehewa kuitetea hadharani. Alilazwa hospitalini miezi mingi, hadi mwaka 1926, na humo alianza kuandika uchambuzi mrefu kuhusu mgogoro wa saikolojia ya wakati wake. Kazi hizo mbili hazikuchapishwa katika uhai wake.

Alipopata nafuu, yeye na wenzake walijenga nadharia inayosema kwamba uwezo wa juu wa akili ya binadamu, kama vile kukumbuka kwa makusudi na kufikiri kwa dhana, hutokea mara mbili: kwanza baina ya watu, kisha ndani ya mtu. Chombo cha mabadiliko hayo ni ishara, na ishara iliyo kuu ni neno. Swali lililofuata lilikuwa namna mtoto anavyoingia katika ulimwengu wa ishara. Katika uchunguzi wake kuhusu chanzo cha maandishi, Vygotsky alifanya majaribio ya mchezo. Mbele ya watoto viliwekwa vitu vya kawaida, vikapewa majina kwa utani: kitabu kikawa nyumba, funguo zikawa watoto, penseli ikawa yaya, saa ya mfukoni ikawa duka la dawa, na kisu kikawa daktari. Kisha kisa kikachezwa kwa vitu hivyo: watoto wanaugua, daktari anakuja, dawa zinatolewa. Wengi wa watoto wa miaka mitatu waliweza kukifuata kisa bila ya tabu, na wale wa miaka minne na mitano walifuata visa vigumu zaidi.

Jambo lililomvutia halikuwa kufanana kwa vitu. Funguo hazifanani na watoto. Kilichovipa vitu maana ni ishara ya mkono, yaani vile vinavyoweza kutendewa. Baada ya muda kitu chenyewe hudumisha maana hiyo na mtoto huanza kuitafutia sababu: saa yafaa kuwa duka la dawa kwa kuwa tarakimu zake ni dawa zilizomo. Hivyo, mtoto hupita kutoka kwenye kitendo hadi kwenye ishara, na kutoka kwenye ishara hadi kwenye maelezo ya ishara. Mchezo wa kujifanya, kwa mujibu wa uchunguzi huu, umo katika njia ileile inayomfikisha mtoto kwenye kusoma na kuandika.

5.0 Usemi wa Mtoto na Akili ya Mwenziwe

Katika mwaka uleule wa 1896, miezi mitatu kabla ya Vygotsky, alizaliwa nchini Uswisi Jean Piaget. Kitabu cha Piaget cha mwaka 1923 juu ya lugha na fikra ya mtoto kilieleza kwamba watoto wa umri wa takribani miaka sita husema maneno mengi, karibu nusu ya usemi wao, pasipo kujali kama kuna anayewasikiliza. Kila mmoja hujisemea katikati ya wenziwe. Piaget aliuchukulia usemi huo kuwa dalili ya mtoto asiyeweza bado kuuona ulimwengu kwa jicho la mwingine. Na kwa maoni yake, usemi huo hufifia kadiri mtoto anavyojifunza kuishi na watu.

Vygotsky alikiheshimu kitabu hicho, hata akakiandikia utangulizi mrefu katika tafsiri ya Kirusi iliyotoka mwaka 1932. Pamoja na hayo, alikipinga kwa majaribio. Kwanza alimwekea mtoto vikwazo, kwa mfano kumnyima karatasi au penseli ya rangi anayoihitaji katikati ya kuchora. Usemi wa kujisemea uliongezeka karibu maradufu. Mtoto mmoja wa miaka mitano na nusu alikuwa akichora tramu penseli ikavunjika. Alitamka kimyakimya neno la kuvunjika, akachukua rangi nyingine, akachora tramu iliyoharibika na kukarabatiwa. Maneno hayo hayakuwa takataka za fikra. Yaliigeuza kazi na kuielekeza upya.

Majaribio ya pili yalihusu moja kwa moja akili za wengine. Iwapo mtoto kweli hajali kusikilizwa, basi usemi wake usingebadilika akiwekwa mahali asipoweza kueleweka. Vygotsky alimweka miongoni mwa watoto viziwi, au wasemao lugha nyingine. Alimtenga mbali na wenziwe. Au akazima sauti zote kwa kelele za muziki. Katika hali hizo usemi wa kujisemea ulipungua sana, na miongoni mwa wasioweza kumwelewa mara nyingi ulikoma kabisa. Maana yake ni kwamba mtoto alikuwa akisema kwa kudhani kwamba anaeleweka. Kosa lake si kutojua kwamba kuna wengine, bali kutojua kwamba fikra yake ni yake peke yake na kwamba wengine hawaimo. Kwa hiyo njia ya ukuaji haitoki kwa mtu aliyejifungia kuelekea jamii. Yatoka kwenye fikra ya pamoja kuelekea fikra ya mtu mmoja, na usemi wa kujisemea unapopotea masikioni huwa umehamia ndani.

Hitimisho hili linagusa mchezo wa kujifanya kwa kina. Watoto wanaocheza pamoja hawaelezani kila kitu, lakini kila mmoja hutegemea kwamba mwenziwe yumo katika nia ileile. Mchezo hustawi katika ardhi hiyo ya kudhaniana. Nao, kwa kuwa huvunjika kila nia zinapopishana, humlazimisha mtoto agundue kwamba nia ya mwenziwe si yake.

6.0 Mhadhara wa 1933

Mnamo mwaka 1931 kundi la Vygotsky lilianza kutawanyika. Leontiev na wengine walikwenda Kharkov nchini Ukraini. Vygotsky alibaki na makazi Moscow, akisafiri kufundisha Leningrad na Kharkov, ambako pia, akiwa na miaka thelathini na mitano hivi, alijiandikisha upya kusomea udaktari. Mwaka 1931 na 1932 Luria aliongoza safari za utafiti Uzbekistani, ambazo matokeo yake yaliwaletea lawama za kisiasa. Waliandamwa kwa kutegemea mno saikolojia ya nchi za Magharibi na kwa kuwadunisha wakulima wa Asia ya Kati. Katika hali hiyo ya mashaka, Vygotsky alitoa mhadhara wa mchezo katika Taasisi ya Ualimu ya Herzen, Leningrad, mwaka 1933. Maneno yake yalinakiliwa kwa hatimkato, na nakala hiyo ndiyo msingi wa yote yanayojulikana kuhusu nadharia hiyo. Ni vyema msomaji akumbuke kwamba anasoma maneno yaliyosemwa, si kitabu kilichopigwa msasa na mwandishi wake.

Hoja ya kwanza ya mhadhara ni kwamba mchezo hautambulikani kwa raha. Mtoto hupata raha pia kwa kunyonya kidole, na mashindano mengine humtia uchungu akishindwa. Mchezo huzaliwa pale mtoto, katika umri wa miaka mitatu hivi, anapokuwa na matamanio ambayo hayawezi kutimizwa papo hapo wala kusahauliwa, kama vile kumwendesha farasi. Mchezo ni utimizaji wa matamanio hayo katika hali ya kuwazia.

Hoja ya pili ni kwamba mtoto mchanga anatawaliwa na vitu. Mlango humwita aufungue; ngazi humwita aipande. Vygotsky alikumbusha kwamba mtoto wa miaka miwili akiambiwa aseme kuwa mwenziwe anatembea, ilhali mwenziwe ameketi mbele yake, husema kwamba ameketi. Maana haijabanduka kwenye kinachoonekana. Katika mchezo, maana ya farasi hubanduliwa kutoka kwa farasi halisi, lakini haiwezi bado kuelea peke yake; yahitaji egemeo, nalo ni kijiti. Kwa sababu hiyo si kila kitu hufaa. Mtu mzima aweza kukubaliana na mwenziwe kwamba njiti ya kiberiti ni farasi, lakini mtoto hawezi kuipanda. Kijiti si alama tupu; chapaswa kuruhusu kitendo.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi: kila mchezo wa kujifanya una kanuni. Anayejifanya mama hafanyi apendavyo, bali hufuata kanuni za umama. Vygotsky alichukua kutoka kwa mwanasaikolojia wa Kiingereza James Sully mfano wa ndugu wawili, wasichana wa miaka mitano na saba, walioamua kucheza udada. Katika maisha ya kila siku walikuwa dada bila ya kuuwaza udada wao. Katika mchezo walivaa sawa, wakashikana mikono, wakaonyesha kwa kila njia kwamba wao ni wa pamoja na tofauti na watu wengine. Lile lililokuwa likiishiwa bila kuonekana likawa jambo la kufikiriwa. Kwa mfano huu inaonekana namna mchezo unavyofungua mlango wa akili: mtoto hujitazama kama anavyotazamwa.

Kutokana na kanuni hutokea uwezo wa kujizuia. Peremende ikiwa katika mchezo ni kitu kisicholiwa, mtoto hujizuia kuila. Anayejifanya mgonjwa hulia kama mgonjwa na papo hapo hufurahi kama mchezaji. Ndiyo maana Vygotsky alisema kwamba mchezo huunda eneo la ukuaji wa karibu, kwa kuwa ndani yake mtoto hutenda kwa kiwango kinachopita tabia yake ya kawaida. Daniil Elkonin, aliyefanya kazi naye Leningrad, baadaye alisimulia namna mabinti zake wawili walivyoukataa uji nyumbani, kisha wakaula bila ya ubishi mara tu baba yao alipopendekeza kucheza shule ya chekechea.

Hata hivyo, Vygotsky alitia mpaka muhimu. Mtoto hutenganisha maana na kitu pasipo kujua kwamba anafanya hivyo. Utambuzi wa kazi hiyo huja baadaye, katika umri wa shule, mchezo unapogeuka kuwa usemi wa ndani, kumbukumbu ya makusudi na fikra dhahania.

7.0 Kifo, Kimya na Kurejea

Mwezi Mei 1934 Vygotsky alitokwa na damu kifuani. Alifariki Moscow tarehe 11 Juni 1934, akiwa na umri wa miaka 37, akazikwa katika makaburi ya Novodevichy. Sura ya mwisho ya kitabu chake cha fikra na usemi ilikuwa imeandikwa kwa imla. Kitabu kilitoka mwaka huohuo, naye hakukiona.

Tarehe 4 Julai 1936 Kamati Kuu ya chama cha Kikomunisti ilipitisha azimio la kuivunja pedolojia, taaluma ya ukuaji wa mtoto ambayo Vygotsky alihusishwa nayo. Wanahistoria wanahitilafiana kama jina lake lilipigwa marufuku kamili au lilifunikwa tu kwa hofu na tahadhari ya watu. Lisilo na shaka ni kwamba kwa miaka ishirini maandishi yake yalikaribia kutochapishwa kabisa. Walioshika kazi yake waliiendeleza bila ya makelele. Mwaka 1948 Manuilenko alionyesha kwamba watoto wadogo huweza kusimama wima bila ya kujongea kwa muda mrefu zaidi wakijifanya askari wa zamu kuliko wanapoamriwa tu kusimama.

Maandishi yake yalianza kuchapishwa tena mwaka 1956. Tafsiri ya Kiingereza ya kitabu chake cha mwisho ilitoka mwaka 1962, ikifuatana na majibu ya Piaget, aliyekiri kwamba katika suala la usemi wa kujisemea Vygotsky alikuwa na haki kwa sehemu. Mhadhara wa mchezo ulichapishwa Moscow mwaka 1966, miaka 33 baada ya kutolewa, na ukaenea Marekani kupitia mkusanyo wa mwaka 1978. Mwaka huohuo Elkonin alitoa kitabu chake juu ya saikolojia ya mchezo.

8.0 Mjadala wa Baadaye

Vygotsky alipoanza kusomwa sana, wataalamu wengine walikuwa wamelifikia swali lake kwa njia nyingine. Mwaka 1983 Heinz Wimmer na Josef Perner walionyesha kwamba watoto wengi wenye umri wa chini ya miaka minne hawaelewi kuwa mtu asiyeona kitu kikihamishwa atakitafuta mahali pa zamani. Wanaujua ukweli, wakadhani kila mtu anaujua. Kosa hili ni jamaa wa karibu wa lile ambalo Vygotsky aliliona kwa watoto waliodhani kwamba viziwi wanawaelewa, ingawa majaribio yenyewe yana tofauti kubwa.

Hapo likazuka fumbo. Mtoto wa miaka miwili hushiriki mchezo wa kujifanya, ilhali ule uelewa wa imani ya mwingine hukawia mpaka miaka minne. Alan Leslie alidai mwaka 1987 kwamba chombo cha akili kinachowezesha kujifanya ndicho kilekile kinachowezesha kuelewa fikra za wengine. Kwa hiyo mchezo ni dalili ya mapema ya uelewa huo. Angeline Lillard alilijaribu dai hilo mwaka 1993 kwa kisa cha kiumbe kinachorukaruka kama kangaruu, lakini kisichojua kangaruu ni nini. Watoto wengi wa miaka minne walisema kwamba kiumbe hicho kinajifanya kangaruu. Kwao kujifanya kulikuwa kutenda kama, si kuwazia.

Matokeo hayo yanaoana na mpaka ambao Vygotsky aliutia mwaka 1933: mchezaji hutangulia kutenda, na kutambua hufuata. Lakini hayathibitishi nadharia yake yote. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Lillard na wenzake mwaka 2013 yalihitimisha kwamba ushahidi uliokuwapo haukutosha kuonyesha kuwa mchezo wa kujifanya ndio unaosababisha ukuaji wa uelewa huo. Huenda ni njia moja miongoni mwa nyingi, au hufuatana tu na jambo jingine, kama vile mazungumzo ya wazazi na watoto. Onyo hilo linawahusu wanaolitumia jina la Vygotsky kuhalalisha kila programu ya michezo shuleni. Yeye mwenyewe alikataa kusema kwamba mchezo ndiyo shughuli inayotawala maisha ya mtoto; alisema tu kwamba ndiyo inayoongoza ukuaji wake.

9.0 Hitimisho

Maisha ya Vygotsky yalikuwa mafupi, na sehemu kubwa ya kazi zake ilibaki katika daftari, nakala za mihadhara na kumbukumbu za wanafunzi wake. Kwa hiyo kila anayemsoma hana budi kupima ni lipi alilothibitisha na ni lipi alilolidokeza tu. Katika suala la mchezo, alithibitisha kwa majaribio kwamba usemi wa mtoto hutegemea kudhani kwamba anaeleweka, na kwamba mtoto mdogo aweza kusoma kitu kimoja kuwa kingine kwa msaada wa kitendo. Alidokeza, pasipo kupata muda wa kupima, kwamba kanuni za kujifanya ndizo zinazomwinua mtoto hadi kwenye hiari na kwenye kujitambua.

Madokezo hayo bado yana deni. Ili yalipwe, utafiti unapaswa kuacha kuuliza tu mtoto anajua nini katika umri gani, na kuchunguza pia anajua pamoja na nani. Mtoto anayepanda kijiti hachezi peke yake hata anapokuwa peke yake uani. Amechukua maana ya farasi kwa watu, na anaingoja siku ambayo atagundua kwamba maana hiyo imekaa akilini mwake, na kwamba mwenziwe naye ana akili yake iliyo mbali na yake.